Sikuichoma Tablo ya Bwana Haraka

Kambi ya mgodi, upande wa Omate,
Walikale

Mama yangu Mariamu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mimi niko mzima, isipokuwa mabega yananiuma, na sababu yake utaisikia humu. Ninyi huko Kingi mnaendeleaje? Goti lako la kushoto limepona, au bado linakusumbua ukipanda shamba la juu? Maharage mmekwisha kung'oa? Huku msituni mvua haipumziki. Nguo tunazifua Jumatatu na Alhamisi tunazivaa zikiwa mbichi. Natamani hata ile baridi ya kwetu ya asubuhi, ambayo zamani nilikuwa nailalamikia kila siku.

Na wewe Papa Andrea Katekista, unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu kwa heshima. Nina ombi moja kwako: usiruke mahali. Utafika pale ambapo mwanafunzi wako wa zamani anawajibu wakubwa. Soma tu, kwa sauti, mpaka mwisho.

Mama, barua yako nimeipata kwa mkono wa yule muuza maharage wa kwetu anayefika hapa jirani, Mpofi. Unasema habari imeenea hadi huko kwetu Masisi kwamba nimechoma nyumba ya Mzungu na nimetolewa kwenye kazi ya umeme. Unaniambia niende nipige magoti mbele ya Bwana, niombe msamaha "kwa unyenyekevu wa moyo". Mama, nimekaa tumboni mwako na mgongoni mwako, na sijakusikia hata siku moja ukitamka neno unyenyekevu. Hilo ni la Papa Andrea, na nimemsamehe. Lakini pale unaposema kwamba wanawake wananyamaza ukifika kuteka maji, maneno hayo ni yako. Hayo yameniuma kweli, na ndiyo maana naandika karatasi nne nzima wakati karatasi huku ni za kutafuta.

Basi nasema mbele yako na mbele ya yeyote aliyeketi hapo mlangoni kusikiliza: sikuchoma nyumba ya mtu. Na msamaha siombi.

Sikiliza ilivyokuwa. Mkubwa wa kambi yetu tunamwita Bwana Haraka, maana hana sentensi isiyoanza na neno hilo. Nyumba yake inapata umeme kutoka mashine inayozungushwa na maji ya mto. Umeme ukifika nyumbani unaingia kwanza kwenye sanduku lililo kwenye ukuta wa jikoni, lenye funguo mbili, mmoja kwangu na mmoja kwa Bwana. Sanduku hilo ndilo tunaloita tablo. Humo unagawanywa, huu uende kwenye taa, huu kwenye jiko, na katika kila njia tunaweka kipande cha waya mwembamba kinachoitwa fyuzi. Kazi ya waya huo ni kukatika. Vitu vikizidi, unakatika wenyewe, taa zinazimika, na nyumba inapona.

Tablo ile ilifungwa siku ambazo nyumba ilikuwa na taa tano tu. Halafu Madame akaja kutoka Ulaya na pasi ya umeme, jiko la umeme, na kabati la kugandisha nyama. Kila siku saa sita mchana, jiko likiwaka na pasi ikiwaka, fyuzi inakatika. Naitwa, naweka mpya, namwambia Madame kwa adabu achague pasi au jiko. Bwana nilimwambia mara mbili kwamba tablo imezeeka, iletwe nyingine kubwa. Jibu lake unaweza kulikisia: "Haraka, tengeneza, toka!"

Jumapili moja walikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa mtoni nikitoa majani yaliyoziba njia ya maji ya mashine. Nikaona watu wanakimbia kuelekea nyumba ya Bwana. Nilifunga maji ili umeme ufe, nami nikakimbia. Nilipofika, moto walikuwa wameuzima kwa ndoo, lakini tablo ilikuwa imeungua nyeusi kama makaa na ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi hadi darini.

Bwana Haraka hakuuliza neno. Alidai kitabu changu cha kazi, akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaandika pale pale barazani: mzembe, amechoma nyumba. Mama, kitabu hicho ndicho kila mwajiri anachofungua kwanza, kabla hata ya kukutazama usoni. Ukiwa na mstari kama huo, utazunguka kutoka hapa hadi Bukavu na hakuna atakayekupa hata ufagio. Nilimwomba aniache nifungue sanduku tuone chanzo cha moto.

"Weye njo fundi, weye njo muzembe," akaniambia kwa Kiswahili cha kambi. "Toka!" Akafunga jikoni kwa ufunguo, mpishi akawa anapikia nje.

Kesho yake karani wa kambi alikuja na karatasi niweke sahihi kwamba kosa ni langu. Nikikataa, akasema, gereza la Walikale lina nafasi. Nikamjibu, "Kama minachoma, unionyeshe minachoma na nini." Nikamrudishia kalamu yake. Gerezani hawakunipeleka, ila walinipa toroli la kusukuma mchanga mgodini, kuanzia asubuhi hadi jioni. Mabega yangu yametoka huko. Sikulia, Mama. Nilikuwa na hasira hata chakula kikanishinda siku mbili.

Wiki tatu zikapita hivyo. Halafu tablo mpya ikafika, imetoka Bukavu ndani ya kasha la mbao. Lori lilizama kwenye matope karibu na Mpofi, na watu wakalibeba kasha vichwani hadi hapa. Pamoja nalo alikuja fundi wa Kizungu, mzee mwenye mapengo ya meno, mpole, tena mwenye homa hata mikono ilikuwa inatetemeka. Akauliza ni nani anayejua njia za waya za nyumba hii. Watu wakatazamana. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayezijua, naye yuko kwenye toroli. Nikaitwa, na miguu yangu ina matope hadi magotini.

Hapo ndipo nilipofungua lile sanduku lililoungua kwa mara ya kwanza. Mahali pa fyuzi ya jiko hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na waya wa chuma, mnene, haukukatika hata kidogo. Ulipata moto mpaka ukawasha ubao nyuma yake. Na waya huo niliujua, Mama. Ni waya wa mtego wa nyama. Watu wa huku ni wawindaji. Hutafuta kebo za zamani za mgodi, wanazifumua, na nyuzi zake wanazitegea swala na nguruwe wa porini. Kila mwindaji anapinda kitanzi chake kwa namna ya ukoo wake, ili mtu mwingine akikuta mnyama amenaswa ajue ni wa nani asiguse. Kitanzi kilichozunguka skrubu ya tablo kilipindwa mara tatu kwa kushoto, na ncha yake imerudishwa ndani. Kitanzi hicho nilikijua, maana nyama yake nimeila mara nyingi. Ni cha Papa Lukasi, mpishi wa Bwana, mtu aliyenipa mkeka na chakula nilipofika huku sina ndugu.

Nikuambie kweli, moyo wangu uligawanyika. Nilimkasirikia, wiki tatu ananiona nasukuma mchanga na ananyamaza. Tena nilimwonea huruma, maana ana watoto saba na Bwana hana huruma. Sikutaja jina. Niliuweka waya mezani mbele ya mzee wa Bukavu na Bwana Haraka, nikasimama.

"Hii iko nini?" mzee akauliza.

"Iko waya ya mutego, Bwana. Mwenyewe akiiona atasema."

Bwana Haraka akacheka, akasema hakuna mtu mweusi atakayejitaja mwenyewe kwa kosa. Hajui watu anaokaa nao. Papa Lukasi aliingia na kahawa, akauona waya, akasimama.  Kwa watu wa huku, mwindaji akiukana mtego wake mwenyewe, mitego yake yote inalala, haishiki tena, na aibu hiyo inafika hadi kwa wanawe. Akaiweka sinia chini.

"Ile njo yangu," akasema. "Kazi minaweza kuikana, Bwana. Mutego yangu siwezi. Madame alisema mwanga inakufa kila siku. Bwana akaniambia, lete waya ya nguvu. Bwana njo alifungua sanduku na ufunguo yake. Miye nilifunga, Bwana iko anaangalia."

 Shingo ya Bwana Haraka ikawa nyekundu. Mzee wa Bukavu akaushika waya akaugeuzageuza, halafu akasema kwa Kifaransa maneno machache ya polepole ambayo sikuyapata yote. Niliyoyapata yalinitosha: kosa si la fundi. Bwana akajibu, "Haraka, kazi!" akatoka nje. Mstari mwekundu wa kitabu changu hakuufuta.

Nilifunga tablo ile siku mbili, mzee akiwa amekaa kwenye kiti na blanketi mabegani, ananiangalia tu. Nilipasua ukuta ulioungua, nikavuta waya mpya, nikaliwekea jiko njia yake peke yake na pasi njia yake. Siku ya tatu saa sita mchana tukafungua umeme. Madame akawasha jiko, akawasha pasi, kila kitu kikaenda vizuri. Akafurahi hata akaongeza jiko la pili, la kuazima, kwenye njia ile ile ya jiko. Fyuzi ikakatika, kama ilivyo kazi yake.

Bwana Haraka akaja mbio. "Weka waya munene! Haraka!"

"Siweki, Bwana."

"Unasema nini?"

"Minasema siweki. Fyuzi minaweka, waya munene hapana. Kama Bwana anataka, kitabu changu iko hapa, na kalamu iko hapa. Bwana aandike kwamba Bwana njo ameniamuru, aweke na jina. Halafu nitaweka."

Papa Andrea, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Nilikishika kitabu mbele yake kwa mikono miwili. Magoti yangu sikuyakunja. Alitazama kalamu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote. Kisha akageuka, akamwambia Madame azime lile jiko la pili.

Kabla ya kurudi Bukavu, yule mzee alikiomba kitabu changu. Chini ya mstari mwekundu aliandika kwa wino wa buluu kwamba mtu huyu amefunga tablo mpya kwa mkono wake, kazi ni nzuri, na fyuzi zisibadilishwe. Akaweka jina. Mimi nimerudishwa kwenye umeme bila kuelezwa neno. Papa Lukasi bado anapika, kwa sababu hakuna mwingine kambini anayejua kuoka mkate ambao Madame anaupenda. Alinijia akaniambia, "Mwanangu, niliogopa." Nikamwambia najua, na tukala pamoja.

Lakini mstari mwekundu bado upo. Wenzangu wananishauri nikipoteze kitabu mtoni niombe kipya. Sikipotezi. Mzee wa Bukavu alisema nikitaka niende kufanya kazi kwake. Nilimshukuru, nikamwambia siyo sasa. Nikiondoka leo watasema nimekimbia. Kilichoandikwa na Bwana Haraka kifutwe na Bwana Haraka. Kila mwisho wa mwezi vitabu vinapokusanywa kupigwa muhuri, cha kwangu nakiweka mezani kikiwa wazi ukurasa ule. Karani anakifunga. Mimi nakifungua tena.

Nisalimie dada yangu Furaha na mume wake, nimesikia amejifungua salama, namshukuru Mungu. Msalimie baba mdogo Matata na nyuki wake. Bibi mzaa baba, mwambie kwa sauti sikioni kwamba mjukuu wake hayuko gerezani. Shangazi Veronika aniombee rozari moja, lakini asiombe nipewe unyenyekevu, ninao wa kutosha. Na wewe Papa Andrea, usinikasirikie. Kusoma na kuandika nimefundishwa na wewe, na ndiyo sababu najua kilichoandikwa juu yangu.

Naishia hapa, Mama, maana filimbi imelia, leo ni siku ya muhuri. Karani ana homa, wanasema, na mezani amekaa Bwana Haraka mwenyewe.

Naenda. Kitabu changu nimekwisha kukifungua.

Mwanao,
Kalisti, fundi wa umeme