Kofia Iliyobaki Nusu

Wiyoni, Lamu

Mjukuu wangu Salma,

Nti za watu zimekumeza hata mlango wa kwenu umeusahau? Babu yako tumemzika, matanga yakaisha, nawe ukatuma picha ya maua. Maua ya simu hayanuki. Salamu nakupa hivyo hivyo, na kuijibu ni faradhi, huna pa kukimbilia. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha?

Mimi nimo ndani, eda yangu haijaisha. Siumwi. Nikipewa chai nakunywa, ikipoa nakunywa vile vile. Sijalia. Bi Rukia, jirani anayeniandikia barua hii, asema nitalia tu.

Shida ni ile kompyuta kuukuu ya babu yako. Humo alikuwa akichora nakshi za kofia, kisha anazihamisha kwa penseli kwenye kitambaa, nami nashona. Ya mwisho alihamisha nusu. Penseli imekoma katikati ya ua, na nusu ya pili imo ndani ya mashine.

Kusoma sijui, lakini mahali nilipajua: picha ya kijani, pembeni chini, bonyeza mara mbili. Juzi Bi Rukia akaiunganisha na mtandao, ikajibadilisha yenyewe. Picha zote zimehama. Ya kijani haipo, pamebaki maandishi.

Fundi akaitwa. Mwanamume, nami niko edani, basi akapelekewa mashine ukumbini, nikamsikiliza nyuma ya pazia.

"Bi, michoro imo, ila mfumo mpya hauifungui. Mashine imezeeka."

"Na mimi nimezeeka, mbona wanisalimia?"

Akacheka. "Nunua mpya, Bi."

"Hiyo mpya inayo kofia ya mume wangu?"

Akakusanya vyombo vyake, akaaga.

Salma, uliniambia kazi yako huko ni kuchora hizo picha watu wanazobonyeza, na kwamba mnabishana kama mashine kuukuu ziachwe nyuma. Waambie una bibi. Nyumba ikikarabatiwa, mlango hauhamishwi na mzee yumo ndani. Kupamba pambeni, lakini mwachieni ndia yake ya kupita.

Bi Rukia ataka nibuni hiyo nusu. Nimeshona hadi penseli ilipokoma, nikaweka sindano chini. Mkono wa mtu haubuniwi.

Mama yako akusalimu. Ami yako wa Matondoni auliza kama unakula. Bi Rukia pia, ingawa vidole vimemuuma.

Ukija, usilete zawadi wala kompyuta mpya. Ukishuka botini njoo kwangu kwanza, ukae chini, uifungue hiyo kuukuu. Kisha ushike penseli mwenyewe, uanzie pale babu yako alipoachia.

Bibi yako,
Mwana Esha