Bahari Isiyo na Fensi

Salaam aleikum, mdogo wangu Talaso. Wasalimie wote hapo Kinna, hata mbuzi.

Tangu tumalize eda, hii ndiyo safari yangu ya kwanza. Isiolo ni joto na vumbi. Leo nilikuwa hotelini nakunywa chai ya maziwa ya ngamia, redio ikasema nchi mbili jirani, zilizogombania mpaka wa baharini miaka mingi, zimekubali kuchimba gesi kwa pamoja na kuigawana. Mpaka wenyewe zimeuacha vile vile, bila kuamua.

"Sasa watapiga fensi chini ya maji?" akauliza mzee mmoja muuza ngamia.

"Hakuna fensi, mzee. Wanakula pamoja," mwenye hoteli akamjibu.

"Basi hao si watu! Sisi lambo moja tu la maji linatushinda."

Watu wakacheka. Mimi niliwaonea wivu wenye bahari yao, kisha nikakuonea wivu wewe, kama kawaida yangu. Mume wetu alifariki katika zamu yako. Maneno yake ya mwisho umebaki nayo wewe, na sijawahi kukuuliza, kwa wivu tu. Mimi nami nimekunyima hadithi za ujana wake: alivyowaimbia ngamia wakinywa maji, alivyoogopa paka.

Nikirudi Ijumaa nitapitia kwako kabla sijafungua mlango wangu. Uniambie alisema nini. Hata kama alitaja jina lako tu, niambie.

Kula vizuri, umekonda sana. Mungu akutunze.

Mke mwenzako,
Habiba