Mjomba Hakutosha

Mwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na mvua za huko Matombo hazijaangusha migomba yote. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, ungesema "yaishe, mwanangu", na mimi sitaki yaishe. Barua nimempa sista anayerudi huko misheni. Sikuipitisha kwa kaka Deo, na utaona kwa nini.

Unajua nilivyofukuzwa kazi. Mjomba alipofariki nilimwendea meneja wa hoteli, nikaomba ruhusa nije kuzika. Akauliza, "Nani kafa?" Nikasema mjomba. Akacheka, baba. "Mjomba tu? Hapa ruhusa ni kwa mzazi, mume au mtoto." Nikamweleza kwamba kwetu Uluguru mjomba ndiye mkubwa wa lukolo, ukoo wa mama zetu, ndiye aliyenisomesha na kunionyesha shamba langu la ndizi, na msiba wake hauendi bila wapwa. Alinitazama kama namsimulia hadithi za watoto. Nikaja kuzika. Niliporudi nilikuta dada mwingine amekaa mapokezi kwenye kiti changu, na barua ya kunifukuza anayo yeye.

Sasa kuna hoteli nyingine inanihitaji. Mwenye hoteli ni mama wa makamo, mkali lakini anasikiliza. Haajiri mtu kabla ya kumpigia bosi wake wa zamani, na hilo nilimweleza Deo kwenye simu. Nikaona afadhali ayasikie kwangu kwanza. Nikamwambia, "Mama, ukipiga utaambiwa nilitoroka. Ni kweli niliondoka bila ruhusa. Nilikwenda kumzika mjomba." Akasema sawa, atauliza mwenyewe.

Juzi akaniita. Niliingia ofisini kwake. Akasimama, akanishika mkono. "Pole sana kwa kufiwa na baba. Meneja wako amekusifu mno. Lakini mbona mimi uliniambia mjomba?"

Nikashika meza. "Baba yangu hajafa, mama. Yuko Matombo, saa hizi pengine yuko shambani."

Akakaa taratibu. "Basi kuna mmoja ananidanganya hapa," akasema.

Nikatoka hadi getini, nikampigia yule meneja. Anacheka tena! "Kaka yako amenitumia barua ya mtendaji wa kijiji, kifo cha baba yako kimeandikwa vizuri kabisa. Faili lako sasa limekaa sawa. Ungesema baba tangu mwanzo tusingefika huku. Wenzako wote husema baba." Yaani mtu huyu anajua anaongopewa, na ndivyo anavyopenda. Anayemwambia kweli anamfukuza, anayemuua mzazi wake kwa mdomo anapewa ruhusa na pole juu yake. Nilitema mate palepale, mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa na watu.

Nikampigia Deo. Nilimtukana, sikufichi. Akasubiri nimalize, kisha akasema, "Skola, mtendaji ni mtu wetu, kagonga muhuri kwa jogoo mmoja. Na mzee mwenyewe karidhia. Kasema, andikeni nimekufa, mtoto apate kazi."

Hapo ndipo nilipolia. Baba, ulikaa mbele ya mtendaji unayesali naye kila Jumapili, ukamtazama akiandika marehemu mbele ya jina lako? Najua umefanya kwa kunipenda, lakini nimechukia, na nakwambia wazi kwamba nimechukia. Hiyo kazi ningeifanyaje? Mchana nipokee wageni nikitabasamu, jioni nijifiche chooni kukupigia simu, wasije wakasikia nasema shikamoo baba? Na mjomba je, aliyekufa kweli, naye tumfute kwa sababu kwa meneja hakutosha?

Nilirudi kwa yule mama. Nikamwomba asiniamini mimi wala meneja. "Sasa nimuulize nani?" Nikampa namba yako. Akaiandika. Amesema akirudi kutoka Dar atapiga, na kazi atanipa au ataninyima baada ya simu hiyo.

Msalimie mama, mwambie mdalasini wake umefika na chumba kizima kinanukia. Mpe pole nyingi mjane wa mjomba. Msalimie katekista. Deo naye msalimie, ila bado nimemnunia. Mtendaji simsalimii.

Baba, nakuomba siku hizi usishinde bondeni ambako mtandao haushiki. Kaa huko juu karibu na misheni, na simu iwe na chaji. Akipiga mwanamke usiyemjua, akauliza anaongea na nani, taja jina lako lote, kisha umwambie kwamba u hai.

Mwanao,
Skola