Vifurushi Vitatu Vilivyobaki Mezani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipoisimamisha pasi, ukakaa kwenye benchi la wateja, ukasema, "Napumzika kidogo tu, msinifungie duka." Hatukulifunga. Tulipokuja kukuamsha ulikuwa umeshaondoka. Shati la watu lilikuwa limetandazwa mezani, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine bado.

Kumbukumbu hii ya gazetini naiandika mimi, binti yako. Kaka amekataa. "Andika wewe," amesema, "huna machozi, hutalowesha karatasi." Alikuwa anatania, lakini ni kweli, sina. Watu wanatuuliza tunaendeleaje, tunasema tunaendelea vizuri. Tunakula, tunalala, tunaitikia salamu. Mama anakunywa chai yake mpaka mwisho. Tumekufa ganzi tu, Baba, mwaka mzima, na sijui wenzetu hii hali huwa wanaiita nini.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa dobi miaka thelathini na mmoja. Chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, kamba sita uani. Mtaa ulikuita Mzee Kola. Ulikuwa unaongea na vibanio vya nguo mdomoni, na mtu asiyekuzoea alidhani unamtukana. Nawe watu uliwaita kwa nguo zao. Yule jirani wa mkabala ulimwita Bwana Mistari, na siku alipoanza kuvaa mashati yasiyo na mistari hukumbadilishia jina. "Alishajiandikisha," ulisema.

Ulikuwa unawajua majirani kuliko walivyojieleza. "Ukitaka kujua mtu anaendeleaje usimuulize, atakwambia salama," ulituambia. "Niletee kola yake." Nyumba ikianza kuyumba, ulisema, mashuka ndiyo yanatangulia kuacha kuja. Halafu magauni. Halafu linabaki shati moja la kazini, kila wiki lile lile. Na wiki ambayo hata hilo shati halikuja, hukuuliza kitu. Ulikunja uso, kisha ukamuuliza Mama bei ya sukari siku hizi. Mama alidhani unataka chai.

Wiki ya sikukuu ndiyo ulikuwa hukamatiki. Ulizunguka mtaa mzima, kila nyumba na kifurushi chake: gazeti, kamba ya katani, na pembeni alama ya nyumba kwa wino mwekundu, ile ile uliyoishona ndani ya nguo zao ili mashati ya watu yasichanganyike. Hawa duara, wale mistari miwili. Mimi nilizijua alama zote kabla sijajua kusoma. Ulifika mlangoni ukaita, "Nguo zenu!" Mtu akatoka, akapokea, akashukuru, ukapita. Mtaa uliona dobi anarudisha nguo. Sisi wa nyumbani kwako, tuliokula na wewe sahani moja, na sisi tuliona dobi anarudisha nguo.

Mwaka jana ulibakiza vitatu. Uliondoka siku mbili kabla ya sikukuu, na watu wakajaa nyumbani kabla hata hatujatafuta viti. Dada yako, Shangazi, akashika jiko. Nani angemzuia? Akaingia dukani kutafuta mkaa wa pasi, akakuta vile vifurushi kwenye meza, akavibonyeza. "Hizi si nguo," akasema. Akavileta jikoni, akavichana mbele ya watu wote. Mchele, maharage, sukari, chupa ya mafuta, na kila kifurushi hivyo hivyo. Akaangua kilio. "Jamani kaka yangu! Hata siku ya kufa ametununulia vya sikukuu!" Sote tuliamini. Mimi ndiye niliyempa sufuria kubwa.

Tukapika, Baba. Tukalisha msiba siku nne. Niligawa sahani, nikakusanya sahani, nikagawa tena. Sikumbuki hata sura za watu niliowapa.

Shangazi hatupi kitu, unamjua. Yale magazeti aliyanyoosha, akayatandika kwenye rafu za kabati la vyombo. Mwezi wa tano nikawa nasafisha kabati. Nikatoa vikombe, nikaona wino mwekundu kwenye karatasi ya rafu ya kwanza. Nikatoa sahani za rafu ya pili, alama nyingine. Ya tatu, pembetatu. Nilikaa sakafuni na kikombe mkononi sijui kwa muda gani. Nyumba hizo tatu hazikuwa zimeleta dukani hata soksi kwa miezi mingi. Nilijua, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nakusaidia kukunja.

Nyumba mbili sizitaji hapa. Zenyewe zinajijua, na wewe ungenifukuza nyumbani. Ya tatu imeniruhusu. Pembetatu ni ya Mwalimu, yule aliyestaafu zamani na kumzika mumewe, wa nyumba ya mwisho mtaani.

Tulikuwa tumekula sikukuu ya watu. Na watu wenyewe walikuwepo! Mmoja alitubebea maji siku zote nne. Mwingine aliosha masufuria. Mwalimu alikaa mkekani karibu na Mama, mgongo umenyooka kama yuko darasani. Sahani yake hiyo naikumbuka, maana aliniambia, "Ahsante, mwanangu." Mtu namlisha chakula chake mwenyewe, ananiambia ahsante.

Nikamwita Shangazi nikamwonyesha. Akaangalia rafu, akaniangalia mimi. Akaninong'oneza: "Usimwambie mtu."

"Shangazi, wenyewe wanajua tangu siku ile."

"Wanajua nini?"

"Kwamba dobi hakupita."

Akakaa na yeye sakafuni. Tukabaki pale wawili, na vikombe.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia, nilipanga vyombo nikarudi kazini. Lakini tangu siku hiyo nikawa na jambo moja tu kichwani: sikukuu ijayo Mwalimu apokee kifurushi chake. Wale wengine wana watoto, nilijua watapokea, hata kama watanikasirikia. Mwalimu ni mwingine. Huyu akiazima chumvi kijiko kimoja anarudisha kijiko na nusu. Asipopokea, basi mlango ulioufungua wewe kwa miaka tumeufunga sisi kwa siku nne, na hutakuwepo kuugonga tena.

Juzi tukafunga vifurushi. Kaka alileta mchele. Mama alichagua maharage moja moja. Shangazi akafunga kamba, akaifunga vibaya, nikaifungua nikafunga upya, tukagombana mpaka Mama akatutazama. Nikachora alama. Jana asubuhi nikazunguka. "Nguo zenu!" Sauti yangu si yako, nyumba ya kwanza walidhani ni muuza samaki. Walipoona gazeti wakapokea kwa mikono miwili. Ya pili wakapokea wakafunga mlango haraka, nikasikia ndani mtu anaambiwa asiguse.

Mwalimu alifungua akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo, Mwalimu. Nguo zako."

"Marahaba. Sijaleta nguo."

"Najua."

"Sasa unaniletea za nani?"

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye daftari lake limebaki nyumbani. Wewe ungekuwa na uongo mzuri tayari. Mimi nilisema, "Mwalimu, chako cha mwaka jana tulikila. Hatukujua. Kilipikwa msibani. Naomba utusamehe."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Shangazi yako alipochana gazeti niliiona alama yangu. Halafu akanipa ungo, akasema, 'Mwalimu, tusaidie kuchambua.' Nikachambua."

"Na hukusema!"

"Niseme nini? Mume wa mtu amelazwa chumba cha pili, mimi nidai mchele?" Akakitazama kifurushi. "Tena ulikuwa na mawe. Baba yako alikuwa hajui kuchagua mchele."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nikamnyooshea kifurushi. Hakukipokea. Nikasema moyoni, basi, nimeharibu, yamekwisha.

"Miaka sita amenipitishia hiki," akasema. "Miaka sita nimepika, nimepakua, nimekaa na sahani yangu nasikiliza redio. Mwaka jana ndiyo sikukuu ya kwanza nimekula na watu tangu nimzike mume wangu. Naona haya kukwambia, maana mlikuwa mnalia. Lakini nilishiba, mwanangu. Mwaka jana nilishiba." Akakigusa kifurushi kwa kidole. "Mwaka huu, mchele huu niupike nile na nani?"

Wewe na kola zako zote, hili hukulisoma, Baba. Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa nimesimama pale nimejibebesha mchele, naona nimemaliza kazi. Nikamwambia, "Vaa viatu, Mwalimu."

"Twende wapi?"

"Nyumbani."

Akavaa. Kifurushi akakichukua mwenyewe, akakikumbatia, tukaupita mtaa mzima mchana kweupe. Bwana Mistari akatoka kibarazani. "Mwalimu, unahamia wapi na mzigo?" Akamjibu, "Ninakoitwa." Mama alipomwona mlangoni hakuuliza. Alisogea kwenye benchi letu la kulia chakula, akampa nafasi. Ni nafasi ile uliyokuwa unakaa wewe, na mwaka mzima hakuna aliyeikalia, wala hatukuwa tumeambiana tusiikalie.

Amerudi tena leo asubuhi, na sikukuu atakuwa nasi. Sasa hivi yuko jikoni, ungo mapajani, anamwonyesha Shangazi jiwe, na Shangazi anakataa, anasema si jiwe. Ganzi bado iko pale pale, Baba, nisikudanganye. Ila jana usiku Mama alipakua sahani moja zaidi, akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, na yote yalikuwa ya kugombana kuhusu chumvi.

Nimemsomea Mwalimu haya kabla sijayapeleka gazetini, maana sikutaka kutoa habari za mtu bila ruhusa yake. "Acha yatoke," amesema. "Mtaa mzima wameniona na mzigo wangu." Amenisahihisha mikato miwili. Halafu nikamsomea majina ya wanaokukumbuka: mkeo, sisi wanao, mimi na Kaka, dada yako, ambaye tangu mwezi wa tano hachani kifurushi chochote bila kuuliza, wajukuu zako wanne, ambao wanaongea na vibanio mdomoni na tumeshindwa kuwakataza. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi, akaipitia tena. Nikamuuliza, "Kuna kosa, Mwalimu?"

"Lipo," akasema. "Umeniacha mimi."

Basi naandika: na Mwalimu wa nyumba ya mwisho. Sisi wote tuliotajwa hapa tutakukumbuka, Baba, siku zote tulizobakiza.