Kimio cha Wakil

Jumatatu, 13 Mei 2024

Bibi kafika kutoka Chwaka na kapu la ndizi na chupa ya asali. Atamwangalia Wakil, mdogo wangu wa miezi saba, maana Mama karudi kazini hotelini Bwejuu na hulala huko mpaka Jumamosi jioni. Baba yuko Dar. Kwa hiyo tumebaki watatu.

Bibi kafungua friji, kaona chupa za maziwa aliyojikamua Mama. Ya nani haya? Nikamwambia. Kacheka hadi kakaa chini. "Salhiya mwanangu kawa ng'ombe!"

Mimi pia nilicheka. Kidogo.

Jumatano, 15 Mei

Wakil anakohoa. Mvua haikati, kuta zinanuka ukungu.

Mama kasema kwenye simu asipewe asali, ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, kasoma kwenye kundi lao la akina mama. Bibi kasikia. Kauliza hilo kundi limezaa watoto wangapi. Asali hakumpa, lakini kamsugua kifua kwa mafuta ya nazi na karafuu, kamwimbia, na Wakil kalala. Kwangu hakulala.

Ijumaa, 17 Mei

Naogopa.

Bibi akizungumza na simu hupiga kelele, kwa hiyo nimesikia yote. Kesho baada ya chai Mzee Jecha, mganga wa kienyeji, anakuja na kisu. Anamkata Wakil kimio! Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Bibi anasema kimerefuka, ndicho kinachomkohoza.

Nikasema, "Bibi…" Akaitika, sema mwanangu. Sikusema. Darasani pia ndivyo nilivyo, jawabu nalijua na mdomo haufunguki. Mpaka niliandike kwanza.

Basi kasema yeye. Mwanawe wa kwanza, Silima, alikohoa hivi hivi. Hospitali walimkataza asimkate, wakampa dawa ya maji. Siku ya nne akafa. "Mama yako nikamkata. Na wewe nilikukata, mama yako kenda sokoni. Mbona mko hai?"

Nimekwenda kwenye kioo na tochi ya simu. Nimepanua mdomo.

Hakuna kitu. Miaka kumi na sita, sijawahi kuangalia!

Simu ya Mama haipatikani. Nimemwandikia ujumbe mrefu. Tiki moja tu.

Jumamosi, 18 Mei

Saa nne asubuhi. Nimejifungia chumbani na Wakil, komeo nimelitia.

Mzee Jecha yuko ukumbini anakunywa chai. Nilipomwamkia kaniitikia marahaba kwa upole kabisa, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Huku kisu kiko pembeni yake kwenye kitambaa cheupe, kimepinda mbele kama ndoana. Ndipo nikamnyanyua Wakil nikakimbia.

Bibi kagonga kwanza kwa utani — umeshaolewa humo, mbona hutoki? Sasa hatanii. Ananiita kwa jina langu lote. Naitika naam, naam, na sifungui.

Ujumbe kwa Mama bado tiki moja.

Wakil hahemi vizuri. Kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Nesi alimwambia Mama mbele yangu, mtoto wa umri huu akihema mara hamsini kwa dakika, hospitali, msingoje. Nimehesabu kwa saa yangu ya shule. Hamsini na sita. Labda nimekosea. Nimehesabu tena. Hamsini na nane.

Nikifungua, kisu. Nisipofungua — basi mimi ndiye ninayemzuia asifike hospitali!

Na Bibi hasemi uongo. Silima walimpeleka hospitali, na alikufa. Je, nikikosea mimi?

Naandika kwanza, ndio nitaweza kusema: Bibi, nakufungulia wewe peke yako. Tunakwenda hospitali sote, umshike wewe, usimwachie mtu.

Nimesema! Kwa sauti mpaka Wakil kashtuka.

Bibi kaacha kugonga.

Kikombe kimewekwa mezani. Mzee Jecha kauliza, tunaanza au vipi? Bibi kamwambia asubiri. Hakusema asubiri nini.

Kivuli cha miguu ya Bibi kiko chini ya mlango. Hakiondoki. Nahesabu tena pumzi za Wakil, kwa sauti, na Bibi namsikia anahesabu nami, nadhani sikio kaliweka kwenye ubao wa mlango.

Sitini na moja.