Mwamba Umefungwa Juu, Chini Uko Wazi

Jumatano, alasiri. Joto la Mtwara leo halina hata upepo wa kuazima. Nashindia chai tu, chakula hakipiti.

Nieleze kisa. Wanawake wa Msimbati huufunga mwamba wao kwa miezi ili pweza wakue, kisha huufungua siku za bamvua, maji yakipwa kupita kawaida. Niliwatengenezea ukurasa wa simu: nyekundu umefungwa, kijani ruhusa kuingia. Aliyewashawishi wauamini ni mama mdogo Somoe, aliyenilea. Na anayeingia kabla ya ruhusa hutolewa kwenye kundi la akina mama hao, hata awe nani.

Ruhusa ilikuwa ya kesho asubuhi, na kijani nilishaiweka tangu jana. Leo asubuhi kamati yao ikaahirisha hadi bamvua lijalo. Nikabadilisha, nikajipongeza, nikaenda kununua mihogo ya kukaanga.

Niliporudi, katibu wao, Bi Zuhura, alikuwa amenipigia mara kadhaa.

“Mwanangu, juu umeandika umefungwa, kwenye ramani chini kijani. Sasa tushike lipi?”

Nikaufungua ukurasa mbio. Kweli.

Uvivu wangu mwenyewe. Hali ya mwamba ni moja, lakini kila sehemu ya ukurasa niliipa nakala yake: kichwa cha habari na yake, ramani na yake. Kila mara nilikuwa nazibadilisha kwa mkono, moja moja. Leo nimesahau ramani. Na mtaani najiita mtaalamu!

Mchana kutwa nimeandika upya kwa mtindo wa programu itikivu, ule niliokuwa nauahirisha kwa kisingizio cha kukosa muda. Hali inakaa mahali pamoja tu. Kichwa na ramani havihifadhi chochote, vinasikiliza. Ikibadilika, vyote vinabadilika papo hapo. Ni kama kipaza sauti cha msikiti: anaadhini mmoja, mtaa mzima unasikia.

Nimejaribu tena na tena. Nyekundu juu, nyekundu chini. Simu za akina mama zikaanza kupokea, moja baada ya nyingine, nikaanza kupumua.

Zote isipokuwa moja.

Kumbukumbu za ukurasa zinaonyesha mama mdogo aliufungua mchana, baada ya kichwa kubadilika na kabla sijarekebisha ramani. Macho yake hayasomi maandishi ya simu, yeye hutazama rangi ya ramani tu. Kisha, kwa maneno ya Bi Zuhura, akaenda zake dago, kambi ya wavuvi kule karibu na mwamba, ambako mtandao haufiki. Simu yake haipatikani. Bi Zuhura amesema atatuma mtu, ila hakusema nani, na mimi siwezi kutulia kwa jibu kama hilo.

Nimeogopa makosa mengi kwenye kazi hii, lakini hili linanitia hofu kuliko yote. Akiingia mwambani kesho, atatolewa kwenye kundi alilolianzisha mwenyewe, tena mbele ya wenzake, akisema mwanangu ndiye aliyeniruhusu.

Nimeshaongea na bodaboda, tunaondoka sasa hivi. Ukurasa unasema kweli, juu na chini. Lakini mama mdogo bado anauamini ule wa mchana, kwa sababu niliuandika mimi.