Mkono wa Kahawa

Utange,
9 Aprili 1988

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kazi ya kufunga mashine za kupoza nyumba za watu haikuchoshi kupita kiasi. Sisi hapa hatujambo. Mama alishikwa na kifua, lakini sasa yuko jikoni anaimba, kwa hiyo ujue amepona. Mvua zimeanza, na kile kibanda cha kuku ulichokijenga kimelala upande. Kuku wenyewe wamehamia uvunguni mwa kitanda cha wageni na hawaonyeshi dalili ya kutoka.

Nina habari, Baba. Shule yetu itaingia mashindano ya sayansi ya shule za sekondari, mara ya kwanza tangu ijengwe. Mwalimu Gershom wa fizikia, yule anayetembea huku anasoma mpaka akagonga mlingoti wa bendera, ametuchagua watatu: mimi, Thoya na Mwikali. Thoya babake ni seremala, na yeye mwenyewe hakosei akishika msumeno. Mwikali na mamake walihamia hapa kutoka Machakos. Mamake ni muuguzi wa zahanati. Tutaunda roboti.

Usicheke. Si mtu wa chuma kama wale wa sinema. Ni mkono tu, wa mbao na bati, wenye kiwiko na vidole. Mama Mwikali ametupa mabomba ya sindano ya plastiki, hayana ncha na hayajatumika. Twayajaza maji na kuyaunganisha mawili mawili kwa mpira mwembamba. Ukibonyeza moja huku, la kule linasukumwa, na kidole kinajikunja. Mkono huo utawaandalia waamuzi kahawa. Hilo lilikuwa wazo langu, na Mwalimu alilipenda hata akasahau kutupa kazi ya nyumbani.

Mashindano ni mwezi wa Julai, huko Malindi, na tutalala siku mbili katika shule ya bweni. Mama asema hana la kunijibu mpaka wewe uandike kwa mkono wako kwamba umekubali. Naomba ruhusa, Baba.

Ni mimi mwanao,
Tima

*

Matrah,
3 Mei 1988

Mwanangu Tima,

Marahaba, na marahaba tena. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, isipokuwa jua la huku ng'ambo halina haya. Twafunga Ramadhani watu sita katika chumba kimoja, na ikikaribia magharibi kila mtu asifu mapishi ya kwao. Nimewatajia viazi vya nazi vya mamako hata wameniomba ninyamaze. Mwambie ajitunze kifua, asilale dirisha wazi.

Ulipotaja kahawa ulinirudisha mbali. Babu yako Stambuli, Mungu amrehemu, aliuza kahawa kule Jomvu Kuu, na mwezi kama huu ndio uliokuwa mwezi wake. Watu wakitoka kuswali tarawehe walimkuta pembeni mwa msikiti. Nilikuwa nikikaa karibu na jiko lake ili nipate joto na vipande vya kashata vilivyovunjika. Kabla hajakata kona, wazee walishamjua kwa sauti ya vikombe akivigonganisha kiganjani. Nimekaa huku miaka sita na bado nasikia vile vikombe, hasa nikiwa na njaa. Nilinuia kuja Idi hii, lakini tajiri asema kazi ni nyingi. Mwakani, inshallah.

Ama ruhusa, sijakukataza wala sijakukubalia. Binti kulala nje si jambo dogo. Nitumie picha ya hicho mnachokiunda, nikione kwanza.

Ni mimi babako,
Badi

*

Utange,
28 Mei 1988

Baba,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imeshapita. Nguo ulizotutumia zilifika. Yangu ilinikaa vizuri, ya Mama ni kubwa, naye amekataa kuipunguza kwa sababu umeichagua wewe. Afya zetu njema. Wewe je, mgongo umeacha kuuma?

Hii ndiyo picha. Tulimwita mpiga picha wa Kisauni, akatupanga kama wenye kuoana. Aliyesimama kushoto ni Thoya, anayecheka ni Mwikali, mimi unanijua. Ulio mezani ndio mkono wetu. Thoya anainamisha dele la kahawa alilotuazima Mwalimu, mkono unakishika kikombe, unakikinga, kisha unageuka na kumpa mgeni. Mgeni wa kwanza alikuwa Mwalimu Gershom, na kahawa yote iliishia kwenye suruali yake. Alisema ni sawa, suruali ilikuwa imeshachafuka tangu asubuhi. Sasa haumwagi. Ukikaza sana unavunja kikombe, lakini hilo hutokea siku Mwikali akiwa na hasira.

Tunauweka kwetu kwa sababu stoo ya shule inavuja. Usiku Mama huufunika leso. Asema hawezi kulala nyumba moja na mkono usio na mwenyewe.

Baba, wenzangu wameshaleta barua za wazazi wao. Nimebaki mimi.

Ni mimi mwanao,
Tima

*

Matrah,
15 Juni 1988

Mwanangu Tima,

Marahaba. Hali yangu nzuri, mgongo umetulia. Nimepokea picha, na wallahi nimeitazama sana. Umekuwa mrefu. Nilikuacha hujafika kwenye komeo la mlango.

Niliwaonyesha wenzangu wa chumbani kwa maringo. Wote walisifu. Kisha Mohdhar wa Kongowea, tunayelala naye kitanda kwa kitanda, akaisogeza picha kwenye taa akaniuliza, "Badi, mbona mwanao amwandalia mgeni kwa mkono wa kushoto?" Nikatazama tena. Kweli, kwa jinsi kidole gumba kilivyokaa, ule ni mkono wa kushoto. Nikaikunja picha nikaiweka mfukoni.

Tima, mkono wa kushoto tunajua kazi yake. Hakuna mzee wa Mombasa atakayepokea kikombe kwa mkono huo, awe wa mtu au wa mbao. Mjukuu wa Stambuli, ambaye hata mtoto hakumpa kikombe ila kwa kulia, asimame Malindi mbele ya watu atoe kahawa hivyo? Siwezi kuliruhusu hilo. Geuzeni mkono, kisha niandikie. Kama hauwezi kugeuzwa, wenzako waende, wewe ubaki na mamako. Najua itakuuma. Nami imeniuma.

Ni mimi babako,
Badi

*

Utange,
27 Juni 1988

Baba,

Shikamoo. Sote wazima.

Mkono hauwezi kugeuzwa. Kila tundu limetobolewa kwa upande wake, na kuugeuza ni kuunda mwingine. Mabomba yamekwisha, na Julai imefika.

Sikujua kuwa ni wa kushoto, Baba. Wala hatukukusudia kumvunjia mtu heshima. Mwalimu alituambia tutafute mkono wa mtu tuupime, mfupa kwa mfupa, kidole kwa kidole, ili wa mbao ufuate. Nikajitolea mimi. Nikaulaza mkono wangu mezani, nikawa naupima na kuandika vipimo. Mkono wa kulia ndio uliokuwa unaandika.

Kwa hiyo huo unaouona kwenye picha ni wangu. Mwikali alisema tusikwambie kitu, niende tu, Malindi hutafika kunitazama. Nimekataa. Wao wataenda, mimi nitabaki. Jana nimewafundisha mabomba yapi yabonyezwe taratibu. Nimekasirika nawe, Baba, sitakuficha. Lakini dua nakuombea kila siku.

Ni mimi mwanao,
Tima

*

Matrah,
9 Julai 1988

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako umeitoa kwa kununa. Barua yako imenifika jana. Nimeisoma, nikaenda kazini, nikafunga mashine ya mtu kinyume, nikafukuzwa nikapumzike. Nikatoka nikakaa kwa muuza kahawa wa hapa sokoni, na picha yako mfukoni.

Nikamtazama akihudumia watu. Tima, dele liko mkono gani? Wa kushoto. Vikombe ndivyo vilivyo kulia. Wote hufanya hivyo, na babako ambaye alizaliwa pembeni mwa jiko la kahawa alikuwa amesahau. Babu yako alimimina kwa kushoto maisha yake yote, kutoka juu, bila tone kuanguka nje, huku kulia akimpa mtu kikombe chake. Mkono wa kushoto haukuwa na aibu kwake. Ulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya mwenzake.

Basi mkono wenu hauna kosa. Ulipewa kazi isiyokuwa yake. Uacheni ushike dele umimine. Kikombe ukikinge wewe, umpe mgeni wewe mwenyewe, kwa mkono wako wa kulia. Simama ubavuni mwake kama vile mkono huo umetoka begani mwako. Wenzako hawawezi kusimama hapo badala yako, kwa kuwa mkono umepimwa kwako. Lazima uwepo.

Nenda Malindi, mwanangu. Nimekuruhusu kwa moyo mmoja, na mamako aisome hapa. Nimekuwa mbali mno, sikukuuliza mambo ambayo ningekuwa nyumbani ningeyaona kwa macho.

Posta siiamini kwa jambo hili. Mohdhar anapanda ndege keshokutwa kwenda kuoa, nami nimemkabidhi barua hii mkononi, pamoja na halua. Ameapa kwamba itakufikia kabla hajavua viatu.

Ni mimi babako akupendaye,
Badi

*

Utange,
2 Agosti 1988

Baba,

Shikamoo. Twashukuru Mungu, sote tu wazima, na Mama akusalimu sana. Nakuomba usigombane na Mohdhar.

Alifika kwetu Jumanne iliyopita, na halua, na uso wa mtu aliyefiwa. Aliposhuka tu ndugu zake walimpokea wakampeleka moja kwa moja kuvishwa, maana harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Baada ya hapo akaingia fungate kwa wakweze, na wewe wajua bwana harusi hatoki siku saba, hata nyumba ishike moto. Barua ilikuwa katika sanduku lake, na sanduku lilikuwa kwa mamake. Mwenyewe asema aliikumbuka siku ya pili, akaona haya kumtuma shemeji yake mpya. Kwa posta ingenikuta.

Wenzangu walikuwa wamerudi kutoka Malindi Jumamosi. Mwikali alinihadithia. Mkono ulifanya kazi vizuri, watu wakajaa mezani. Waamuzi wawili wa kwanza walipokea vikombe wakacheka. Wa tatu alikuwa mwalimu mzee mwenye kofia. Alikitazama kikombe, akafumbata mikono akasema kwa upole, "Wanangu, kahawa yenu naitamani, lakini hivyo siwezi kuipokea." Hawakupata nafasi yoyote. Thoya aliupakata mkono safari nzima.

Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa nikalia. Sikulia kwa hasira, hasira ilikuwa imeniisha. Nililia kwa sababu ulikuwa umekubali, na mimi nilikuwa hapa hapa napika uji.

Juzi Jumapili tulifanya ulivyosema. Dele la Mwalimu lilikuwa zito, kiwiko kikavujisha maji, basi tukachukua lile dogo la Mama. Tulitandika mkeka uani, Mama akakaa kama mgeni. Thoya na Mwikali wakabonyeza, mkono ukainua dele, ukamimina. Mimi nilisimama upande wake wa kulia, nikakinga kikombe nikampa Mama. Akanywa akasema tangawizi haitoshi. Kisha akauliza ni nani aliyetufundisha kusimama hivi. Nikamwambia ni wewe. Akaingia ndani eti akaangalie chungu, na jikoni hakukuwa na chungu.

Mwalimu Gershom asema mwakani tutaingia tena. Nitakuwa kidato cha nne na hiyo itakuwa mara yangu ya mwisho. Kwa hiyo naomba ruhusa mapema, Baba. Lakini safari hii usiiandike, wala usimpe mtu ailete. Njoo unipe hapa nyumbani, kwa mdomo wako.

Ni mimi mwanao,
Tima